Alto Isiyo na Herufi P: Uchambuzi wa Kisa cha Malindi

Kisa hiki ni cha Suzuki Alto nyeupe ya mwaka 2015, yenye injini ya cc 658. Mwenyewe ni mama wa makamo anayeishi Barani, mjini Malindi, na riziki yake ni mahamri, mbaazi na viazi karai anavyosambaza madukani tangu alfajiri. Kwa miaka mingi alikodi tuktuk. Akiba yake katika chama cha akina mama ilipokuwa ya kutosha, alishuka Mombasa akanunua gari hili kwa muuzaji wa magari yatokayo Japani. Tangazo lilieleza gia kwa neno moja tu: otomatiki. Mwaka haukutimia kabla gari halijaanza kugoma.

Lilianza kwa kusitasita. Alfajiri, injini ikiwa baridi, lilikwenda bila shida. Jua likipanda na msongamano wa tuktuk karibu na soko ukikaza, injini ilinguruma huku gari likijikokota. Kisha ikaja harufu ya kuungua, ile kali inayoganda kwenye nguo. Mwishowe lilikataa kupanda mwinuko mdogo wa kuingilia lami, likiwa limebeba ndoo za mbaazi nyuma.

Fundi wa kwanza alifungua boneti akatafuta kijiti cha kupimia mafuta ya giaboksi, kama alivyozoea kwenye magari ya otomatiki. Hakukiona. Alitingisha kichwa akasema, "Mama, giaboksi imekufa. Hii haifunguliwi, tukutafutie nyingine Mombasa." Bei aliyoitaja ilitosha kumrudisha mama kwenye tuktuk.

Nilipoitwa kulitazama, mama hakuniuliza habari za gia. Aliniuliza: "Mwanangu, niliuziwa gari bovu au nimeliharibu mwenyewe?" Swali hilo ndilo linalonifanya niandike, kwa sababu wamiliki wengi wa magari madogo hapa pwani hulazimishwa wachague jibu moja kati ya hayo mawili, na yote mawili yanaweza kuwa ya uongo. Kila gari la bei nafuu lina mahali ambapo mtengenezaji alipunguza ili bei ishuke. Asipoambiwa ni wapi, mnunuzi atalipia hapohapo.

Kuelewa Alto kunahitaji kwanza kumwelewa aliyeitengeneza. Michio Suzuki alianza mwaka 1909 mjini Hamamatsu, Japani, si kwa magari bali kwa mashine za kufumia vitambaa. Magari yalikuja baadaye sana: mwaka 1955 kampuni ilitoa Suzulight, gari dogo lenye injini ya cc 360. Serikali ya Japani ilikuwa imeweka daraja maalumu la magari madogo yenye kikomo cha ukubwa na cha injini, na wenye magari hayo hutozwa kodi nafuu. Kikomo kimepandishwa mara kadhaa. Tangu mwaka 1990 injini isizidi cc 660, na tangu 1998 gari lisizidi urefu wa mita 3.4 na upana wa mita 1.48. Kwa hiyo udogo wa Alto haukutokana na uchoyo wa kiwanda. Ulitokana na mstari wa sheria, na Suzuki ikajifunza kuishi vizuri ndani ya mstari huo kuliko karibu kampuni yoyote nyingine.

Alto ya kwanza ilitoka mwaka 1979, Osamu Suzuki akiwa ameshika uongozi mwaka mmoja tu kabla. Bei yake ilikuwa yeni 470,000, bei iliyowashtua washindani. Iliandikishwa kama gari la mizigo, ingawa watu waliitumia kwa safari za nyumbani na dukani, kwa kuwa gari la mizigo halikutozwa ile kodi ya bidhaa iliyobebeshwa magari ya abiria. Kisha wakaanza kuondoa vitu. Redio haikuwemo, kiwasha sigara hakikuwemo. Maji ya kuoshea kioo cha mbele yalisukumwa kwa pampu ya mkono. Hata tundu la funguo kwenye mlango wa abiria liliondolewa. Dereva afungue wa kwake, kisha anyooshe mkono afungue wa pili kutoka ndani. Miaka ya baadaye kampuni hiyohiyo ilikuwa na kampeni ya kutaka kila kipande cha gari kipunguzwe gramu moja na yeni moja.

Mimi nauheshimu ufundi huo kwa dhati. Kumpa mtu wa kipato kidogo gari jipya ni kazi ngumu kuliko kumpa tajiri gari la fahari, na aliyeondoa tundu la funguo alijua kwamba hakuna atakayekwama njiani kwa kulikosa. Ndicho kipimo ninachokitumia katika kisa hiki: kitu kikiondolewa, je, kukosekana kwake kunamkwamisha mtumiaji?

India ilionyesha jambo hilo kwa ukubwa wake. Maruti iliundwa mwaka 1981 ikiwa kampuni ya serikali, na Oktoba 1982 ikatia saini mkataba na Suzuki. Tarehe 14 Desemba 1983, Waziri Mkuu Indira Gandhi alimkabidhi mnunuzi wa kwanza, Harpal Singh, funguo za Maruti 800 yenye injini ya cc 796. Gari hilo lilitengenezwa hadi Januari 2014, na ndilo lililoziingiza barabarani familia nyingi za India ambazo kabla ya hapo zilipanda skuta watu wanne. Sisi huku tulilijua jina la Maruti kupitia ndugu yake, Gypsy, kijipu kilichoanza kuundwa mwaka 1985. Mafundi wazee wa Malindi hukisifu hadi leo, kwa sababu kila kitu chake kilionekana kwa macho na kilifunguka kwa spana.

Hapo ndipo mambo yalipobadilika, na hapo ndipo gari la mama linapoingia.

Februari 2014, kwenye maonyesho ya magari ya Delhi, Maruti Suzuki ilizindua Celerio yenye gia za aina mpya kwao, zinazoitwa AGS katika lugha ya kampuni. Wahindi wengi walitaka kuacha kukanyaga klachi kwenye foleni, lakini otomatiki ya kawaida ilikuwa ghali na ilikula mafuta. Suluhisho lilikuwa kuchukua giaboksi ya kawaida ya mkono, yenye gia tano na klachi yake, kisha kuifungia mikono ya bandia: kifaa kinachoendeshwa kwa umeme na mafuta yenye shinikizo, ambacho hukanyaga klachi na kubadilisha gia kwa amri ya kompyuta. Celerio hiyo ilitumia vifaa kutoka Magneti Marelli ya Italia. Mwaka huohuo AGS iliingia Japani kwenye kigari cha mizigo cha Carry, na mwezi Desemba ikaja kwenye kizazi cha nane cha Alto, kile chenye msimbo wa HA36.

Kizazi hicho ni cha ajabu kwa wepesi. Toleo lake jepesi kabisa lina kilo 610. Bei ya toleo la chini la abiria, lenye alama ya F, ilikuwa chini ya yeni 850,000. Matoleo ya juu yalikuja na CVT, yaani gia za mkanda wa chuma unaopanda na kushuka kati ya puli mbili, na kwa kipimo cha Kijapani cha JC08 hayo yalitangazwa kwenda kilomita 37 kwa lita. AGS iliwekwa kwenye matoleo ya chini, F likiwa mojawapo, yale yaliyonunuliwa na kampuni kwa ajili ya wafanyakazi wa nje. Gari kama hilo likimaliza kazi yake Japani, huuzwa mnadani kwa bei ya chini, na bei ya chini ndiyo inayoliita Kenya.

Kanuni yetu ya KS 1515 hairuhusu kuingiza gari lililopita miaka minane tangu liandikishwe mara ya kwanza, kwa hiyo Alto za kizazi hiki zilitufikia kwa wingi zikikaribia ukomo huo. Ushuru wa forodha ulipopandishwa kutoka asilimia 25 hadi 35 mwaka 2023, mnunuzi wa kawaida alizidi kusukumwa kwenye injini ndogo na toleo la chini. Mama hakuchagua AGS. Bei ilimchagulia.

Sasa turudi kwenye lile gari pale Barani. Kabla ya kuliwasha nilitazama rungu la gia. Kulikuwa na R, N, D na M. P haikuwepo. Otomatiki ya kawaida, na CVT pia, huwa na P ya kufungia gia gari likiegeshwa. Alto ya AGS haina, kwa sababu ndani yake hakuna pa kufungia. Ni giaboksi ya mkono, na huegeshwa kwa breki ya mkono na kuachwa kwenye gia injini ikizimwa. Ndiyo sababu fundi wa kwanza hakuona kijiti cha mafuta. Alikuwa akitafuta kiungo cha mnyama mwingine.

Jaribio lililofuata halihitaji mashine. Tulilipeleka kwenye lami iliyonyooka, likaendeshwa taratibu, gia ya nne ikawekwa kwa mkono kupitia M, kisha mafuta yakakanyagwa kwa nguvu. Injini ilipanda kwa kasi, mwendo haukupanda. Gia haikuteleza wala haikuruka. Kilichoteleza kilikuwa klachi. Kipimaji cha kawaida kilichokuwa gereji kilisoma injini tu na hakikuonyesha hitilafu yoyote, maana hakikuweza kuzungumza na kompyuta ya AGS. Wengi hudanganyika hapo: "Tumepima, hakuna kosa, basi ni giaboksi."

Giaboksi iliposhushwa, sahani ya klachi ilikuwa imelika hadi kwenye ribiti, na uso wa flaiwili, lile gurudumu la chuma la injini ambalo sahani hushikana nalo, ulikuwa na madoa ya buluu ya moto. Meno ya gia yalikuwa mazima na mafuta yake safi. Chombo kilichohukumiwa kufa hakikuwa na ugonjwa.

Kwa nini klachi imeisha mapema hivyo? Jibu lilitoka kwa mpwa wa mama, kijana mwenye heshima ambaye ndiye anayeendesha. Sehemu ya wateja wao iko upande wa Mambrui, ng'ambo ya daraja la Sabaki, na maduka mengine yako ndani kabisa, kwenye vichochoro vya mchanga. Toleo la F lina tairi nyembamba za 145/80 R13. Kwenye mchanga laini tairi hizo huzama upesi. Kijana alikuwa akikanyaga mafuta, anarudi R, anakanyaga D, anarudi tena, hadi gari litoke. Katika foleni naye alilishikilia gari kwenye mwinuko kwa mafuta kidogo badala ya breki. Alijifunza kuendesha kwenye otomatiki ya jamaa yake, na kule hakuna aliyemgombeza.

Tofauti ni hii. Katika otomatiki ya kawaida, kati ya injini na gia kuna chombo kilichojaa mafuta, na nguvu hupita kwa mzunguko wa mafuta hayo. Gari likikwama huku injini ikizunguka, kinachoteseka kwanza ni mafuta kupata joto. Katika AGS kuna sahani kavu inayosuguana na chuma. Kila sekunde gari likikwama huku injini ikivuta, sahani hiyo inasagika. Dereva wa gari la klachi ya mguu hulijua hilo kwa unyayo wake: husikia klachi ikilalamika, akaiachia. Dereva wa AGS hana kanyagio, kwa hiyo hana unyayo wa kumwambia. Kwangu mimi hilo ndilo lililoondolewa kwenye gari hili, na ni kubwa kuliko tundu la funguo la mwaka 1979. Gari limemwondolea dereva kazi ya klachi na kumwachia gharama yake, huku limemnyima ile hisia ambayo ingemwonya.

Hata hivyo siwezi kuiita AGS kosa la kiwanda. Kwenye barabara za lami za Japani, kwa mfanyakazi anayepeleka barua na sampuli, klachi hiyo hukaa muda mrefu. Gia zenyewe ni rahisi, zinatengenezeka, na mafuta yake si ya kuagizwa kwa msimbo. Ukinilazimisha kuchagua kati ya AGS iliyochakaa na CVT iliyowekwa mafuta yasiyo yake, nitachukua AGS, maana klachi inabadilishwa kwa bei ambayo haikufika robo ya ile ya giaboksi aliyotajiwa mama. Lakini kizazi cha tisa cha Alto kilipotoka Desemba 2021, Suzuki ilibaki na CVT pekee. Nadhani nao walisikia malalamiko ya mtikisiko, kile kichwa kinavyoinama kila gia inapobadilika.

Mtikisiko huo, kwa njia, ndio lalamiko nililolisikia zaidi kwa wenye Alto za namna hii hapa mjini. Mwalimu mmoja wa Ganda alikuwa tayari kuuza gari lake kwa hasara akidhani gia zinavunjika. Alipoonyeshwa kuinua mguu kidogo kwenye mafuta gia inapotaka kubadilika, mtikisiko ukapungua na gari likabaki. Mwingine, mwenye CVT, hana malalamiko kabisa isipokuwa kwamba gari linapepesuka matatu za Mombasa zinapompita. Wote wawili husifu ulaji wa mafuta, na wote wawili kitabu chao cha maelekezo kimeandikwa Kijapani kutoka jalada hadi jalada.

Kazi ya kutengeneza gari la mama ilikuwa na mtego mmoja zaidi. Sahani mpya, kifuniko chake na beringi ya klachi vilifungwa, flaiwili ikachongwa, na gari likawashwa. Likashtuka kwa nguvu na kuzimika. Fundi msaidizi akaanza kusema yaleyale ya giaboksi. Kumbe kompyuta ya AGS hukumbuka mahali klachi ya zamani ilipokuwa ikishika, na sahani mpya ni nene zaidi, inashika mahali pengine. Ni lazima ifundishwe upya kwa mashine inayoweza kuingia kwenye kompyuta hiyo. Ilibidi fundi wa umeme aje na mashine kutoka Mombasa. Baada ya hapo gari liliondoka polepole, bila kelele, na mama akanyamaza akisikiliza.

Basi jibu la swali lake. Kiwanda kiliunda kitu kinachofaa kwa kazi kilichokusudiwa. Mpwa aliendesha kama alivyofundishwa, na hakuna mtu wala kitabu kilichomwambia vinginevyo. Fundi wa kwanza simlaumu kwa kutoijua AGS. Namlaumu kwa kutoa hukumu ya bei kubwa kabla ya kufungua, na kwa kumwambia mama kitu hakifunguliwi wakati hakukijua. Mzigo mkubwa nauweka kwa muuzaji. Yeye aliona rungu lisilo na P. Karatasi ya mnada ya Kijapani huonyesha aina ya gia. Aliandika otomatiki kwa sababu neno hilo linauza. Ibara ya 46 ya Katiba ya Kenya ya 2010 inampa mnunuzi haki ya kupata taarifa zinazohitajika ili anufaike kikamilifu na bidhaa aliyonunua. Sentensi moja ingetosha: mama, hili lina klachi ndani, usilihangaishe mchangani.

Mama alimpigia simu muuzaji. Alijibiwa kwamba gari linajibadilisha gia lenyewe, kwa hiyo ni otomatiki, na mazungumzo yakaishia hapo. Mimi nilimshauri aendelee kudai. Yeye akakataa. "Mwanangu, nikimfuata huyo Mombasa, mahamri ya kesho atakanda nani?" Sikubaliani naye, lakini alfajiri zake ni zake.

Gari limerudi kazini. Mpwa sasa hutumia breki kwenye mwinuko, huweka N foleni ikisimama kwa muda, na kwa maduka ya ndani ya Mambrui huegesha kwenye lami akamalizia kwa miguu na ndoo zake. Mama ametenga fungu la klachi ijayo katika akiba ya chama, kwa kuwa itakuja tu, hata kwa dereva mwema. Kinachonisumbua ni umbali. Mashine iliyofundisha klachi yake ilitoka Mombasa, kilomita zipatazo 120, na kila Alto ya AGS inayozunguka Malindi itaihitaji siku yake ikifika. Fundi kijana atakayenunua mashine hiyo na kujifunza kuitumia atapata wateja hapahapa mjini, wengi wao wakiwa wameshaambiwa kwamba giaboksi imekufa.